Semina ya klasta, kongamano, webina au mkutano wa nje: mwalimu wa Kiingereza wa Tanga achague lipi?

Likizo ya Juni ikikaribia, simu za walimu wa Kiingereza hapa Tanga hujaa mialiko. Afisa elimu kata anatangaza mafunzo ya klasta, yaani kundi la shule za jirani. Kwenye kundi la WhatsApp la somo kuna tangazo la kongamano Dodoma au Dar es Salaam. Mwingine anatuma kiungo cha webina (semina ya mtandaoni) ya bure yenye cheti, na kuna anayeuliza nani yuko tayari kuomba ufadhili wa mkutano wa Uingereza. Yote ni mambo ya heri. Ila mshahara ni mmoja, ruhusa zina ukomo, na watoto wa kidato cha nne wana mtihani wao Novemba.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwalimu aliyekwama hapo. Sitasema lipi linashinda mengine yote, kwa sababu mwalimu wa darasa la kwanza kule Mkinga na mwalimu wa kidato cha tano hapa mjini hawaumwi ugonjwa mmoja.

Vipimo nitakavyotumia

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote: unataka kurekebisha nini? Walimu wa Kiingereza tuna mahitaji mawili ambayo tunayachanganya kila mara. Moja ni mbinu za kufundisha: utafanyaje wanafunzi tisini waongee ndani ya dakika arobaini, utasahihishaje insha zao bila kukesha, utapangaje kazi ya wawili wawili kwenye madawati yasiyosogezeka. La pili ni Kiingereza chako mwenyewe. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kina irabu sahili kumi na mbili, bado hujagusa zile zinazounganika. Mwalimu asiyesikia tofauti ya "ship" na "sheep" hawezi kumsaidia mtoto asiyeisikia, hata angekuwa na mbinu mia. Hili tunaona haya kulisema, na haya hiyo ndiyo inayotufanya tuhudhurie matukio yasiyotusaidia. Tukio moja mara chache hutibu yote mawili, kwa hiyo chagua ukijua unatafuta lipi.

Cha pili ni gharama yote, pamoja na ruhusa. Kiingilio ni sehemu tu. Hesabu nauli, gesti, chakula, bando, na vipindi ambavyo mwenzako atakushikia.

Cha tatu: ukifika pale, utafanya kazi au utasikiliza? Watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers walianza kuandika juu ya mafunzo ya walimu tangu miaka ya 1980, na hoja yao imesimama hadi leo: nadharia na maonyesho peke yake huishia ukumbini, na mbinu mpya hufika darasani pale mwalimu anapoijaribu, akaambiwa alivyofanya, kisha akapata mtu wa kuendelea kumshika mkono akiwa kazini. Semina yoyote ipime kwa hoja hiyo.

Cha nne: kitabaki nini baada ya wiki sita? Watu wa kuwapigia simu? Zana za kutumia? Cheti? Cheti nacho kina thamani yake, usione aibu kukitaka, lakini kisiwe kitu pekee ulichorudi nacho.

1. Jumuiya ya kujifunza na semina ya klasta (MEWAKA)

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ndiyo njia rasmi ya nchi yetu, na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ndiyo inayoratibu miongozo na moduli zake. Walimu wanakutana shuleni kwao, kisha shule za jirani zinakutana kwenye klasta au kituo cha walimu, na wawezeshaji ni walimu wenzao. Mkoa wetu umepata bahati ya ziada: Tanga ni miongoni mwa mikoa tisa iliyoingizwa kwenye mradi wa Shule Bora, uliofadhiliwa na Uingereza kwa ajili ya shule za msingi.

*Gharama na ruhusa.* Karibu hakuna. Unaenda kwa miguu au kwa baiskeli, na ruhusa huhitaji kuiomba kwa sababu kikao ni sehemu ya kazi. Gharama iliyojificha ni mchana: kikao kikipangwa baada ya vipindi, kila mtu amechoka, na akina mama wenye watoto wadogo wanaangalia saa.

*Unachofanya ukiwa hapo.* Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo panapoharibika pia. Kikao kizuri cha jumuiya ni hiki: mwalimu mmoja analeta tatizo la wiki hiyo, mathalani wanafunzi wa kidato cha pili wanaandika "he go" licha ya kufundishwa mara tatu. Wenzake wanapanga somo pamoja naye, mmoja analifundisha huku wengine wamekaa nyuma, kisha wanarudi kuzungumza walichokiona kwa watoto. Huo ndio mshiko wa mkono wanaousema Joyce na Showers, na hakuna kongamano litakalokupa, kwa sababu mwezeshaji wa kongamano hatakuja Pongwe Jumanne ijayo kukaa nyuma ya darasa lako.

Kikao kibaya nacho unakijua. Moduli inasomwa kwa sauti, mahudhurio yanasainiwa, picha inapigwa kwa ajili ya ripoti, watu wanatawanyika. Na hata kikao kizuri kina pengo moja kwa mwalimu wa Kiingereza: maongezi yote yanakwenda kwa Kiswahili. Ni haki yake, shule ina walimu wa hisabati na sayansi. Lakini ukitoka pale, ulimi wako wa Kiingereza uko pale pale. Dawa ni ndogo tu: walimu wa Kiingereza wa klasta waombe nusu saa yao peke yao, na hiyo nusu saa iendeshwe kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, makosa na yote.

*Kinachobaki.* Watu. Mwenzako yuko shule ya jirani, unaweza kumwazima kadi za picha na kumrudishia Ijumaa. Moduli zenyewe zipo pia kwenye mfumo wa mtandaoni wa TET, na wengi wetu tunavyo vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa kwa walimu, kwa hiyo kufungua moduli humo si shida.

*Inamfaa nani.* Mwalimu anayetaka kubadilisha somo analofundisha kesho. Na hasa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili. Mtaala wa 2015 ulikisogeza Kiingereza mbele hadi darasa la tatu. Mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutumika 2024, umekirudisha darasa la kwanza. Kuna walimu waliozoea KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa Kiswahili ambao sasa wanaingia na nyimbo na salamu za Kiingereza kwa watoto wa miaka sita. Hao wanahitaji kumwona mwenzao akifanya, si kusikia hotuba.

2. Kongamano la kitaifa la walimu wa Kiingereza

Hapa nazungumzia makongamano ya vyama vya kitaaluma kama TELTA, chama cha walimu wa Kiingereza Tanzania, pamoja na warsha za siku mbili tatu zinazoandaliwa na vyuo na wadau wengine.

*Gharama na ruhusa.* Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Dodoma ni mbali zaidi. Utapanda basi Kange alfajiri, utalala gesti, utakula nje, na kiingilio juu yake. Kwa mwalimu anayejilipia, hii ni sehemu ya mshahara inayoonekana. Ruhusa inataka barua mapema kupitia kwa mkuu wa shule, na barua inayoeleza utarudi na nini kwa shule hujibiwa vizuri kuliko ile inayosema tu "naomba ruhusa". Kongamano likiangukia likizo, mzigo huu unapungua sana.

*Unachofanya ukiwa hapo.* Inategemea unachagua vyumba gani. Asubuhi kuna ukumbi mkubwa na hotuba. Baadaye wasilisho zinagawanyika vyumba vidogo. Ushauri wangu ni kuzipa kipaumbele zile zilizoandikwa warsha, kwa sababu huko utasimama, utacheza ile imla ya kukimbia ambapo mmoja anasoma karatasi ukutani na kumkimbilia mwenzake aandike, na utaona kama inawezekana kwenye darasa lako au la. Muulize mwezeshaji hapo hapo: kwa wanafunzi tisini ungefanyaje? Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kufundisha shule kama zetu.

Na kuna jambo moja ambalo kongamano linalipa kuliko matukio mengine yote yaliyo ndani ya uwezo wetu. Siku nzima unaongea Kiingereza na watu wazima. Chai, foleni ya chakula, ubishi wa kwenye korido. Mwalimu wa Kiingereza anayeishi Tanga anaweza kupitisha muhula mzima akiongea Kiingereza na watoto tu, sentensi zile zile za darasani, hadi msamiati wake unasinyaa bila yeye kujua. Siku mbili za maongezi ya kikazi zinaamsha lugha iliyolala.

Ukiweza, usiende kama msikilizaji tu. Makongamano mengi huomba ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utakachowasilisha, miezi kadhaa kabla, na jambo ulilolijaribu darasani kwako kwa muhula mmoja linatosha kuwa wasilisho. Ikisiri ikikubaliwa, hata barua yako ya ruhusa inakuwa na uzito mwingine.

*Kinachobaki.* Namba za simu za walimu wa Mbeya, Mwanza, Unguja. Cheti. Daftari lenye mawazo mengi kuliko unavyoweza kuyatumia. Hatari yake ni kwamba ukirudi peke yako, unarudi kwenye shule ambayo haikusikia chochote. Ndiyo maana naamini kabisa kwamba shule inayoweza kuchangia watu wawili kila baada ya miaka miwili inapata faida kubwa kuliko ile inayotuma mmoja kila mwaka. Wawili wakirudi, wanakumbushana na wanapimana.

*Inamfaa nani.* Mwalimu mwenye miaka kadhaa kazini aliyeanza kuchoka na mbinu zake mwenyewe. Anayetaka kuongeza ulimi. Na yule mwalimu pekee wa Kiingereza wa shule yake, ambaye hana wa kumuuliza.

3. Webina na mikutano ya mtandaoni

British Council, shirika la Uingereza la utamaduni na elimu, kupitia TeachingEnglish, huduma yake kwa walimu wa Kiingereza, huendesha webina na mikutano midogo ya mtandaoni bila malipo kwa walimu wa dunia nzima. IATEFL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza chenye makao Uingereza, nayo huandaa webina, na vyama vingine vya walimu pia.

*Gharama na ruhusa.* Bando na chaji. Ruhusa si lazima, ila saa inachanganya. Tangazo likisema saa sita mchana kwa saa za Uingereza, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba hiyo ni saa nane mchana kwetu. Miezi mingine ni saa tisa alasiri. Walimu wengi hukosa kipindi kwa sababu hiyo tu, wakadhani kiungo kimeharibika. Video inakula bando haraka. Ukiwa na intaneti ya kusuasua, zima kamera yako, na kama waandaaji wanaweka rekodi, ipakue baadaye mahali penye mtandao mzuri.

*Unachofanya ukiwa hapo.* Mara nyingi unasikiliza na kuandika kwenye sehemu ya maoni. Kwa masikio ni mazoezi mema: unasikia Kiingereza cha India, cha Brazili, cha Uskoti, na unagundua kwamba lafudhi ya Kiafrika si kosa la kusahihishwa bali ni moja kati ya nyingi zinazoeleweka duniani. Kwa ulimi ni haba. Hutafungua mdomo saa nzima.

Mifano nayo mara nyingine inatoka kwenye madarasa ya watu kumi na watano wenye kompyuta. Usikimbie. Jiulize ni sehemu gani ya shughuli ile inabaki ukiondoa kompyuta. Mara nyingi ni swali zuri au mpangilio wa hatua, na hivyo vinaingia darasani Makorora bila umeme.

Njia iliyo bora kuliko zote za kutumia webina ni kuitazama watu watatu au wanne kwenye chumba kimoja, simu moja imeunganishwa na spika, kisha kuizungumza kwa Kiingereza kwa nusu saa. Bando limegawanywa, na lile pengo la ulimi limezibwa.

*Kinachobaki.* Cheti cha ushiriki, ambacho kwa kawaida hutolewa kwa aliyehudhuria moja kwa moja na kujaza fomu ya mwisho kabla haijafungwa. Slaidi. Rekodi unayoweza kuirudia. Uhusiano na watu ni mdogo, labda ujiunge na makundi ya walimu wanaofuatilia mfululizo uleule.

*Inamfaa nani.* Mwalimu asiyeweza kusafiri: mwenye mtoto mchanga, mwenye mgonjwa nyumbani, aliye Kilindi au juu milimani Lushoto ambako kushuka mjini ni safari ya siku. Inamfaa pia anayetaka mada moja mahususi, kwa mfano kumsaidia mtoto mwenye tatizo la kusoma, ambayo huenda isiguswe kabisa kwenye klasta yake.

4. Mkutano wa nje ya nchi

IATEFL, iliyoanzishwa 1967, hufanya mkutano wake mkuu Uingereza kila mwaka wakati wa masika ya huko. TESOL, chama kama hicho cha Marekani kilichoanzishwa 1966, hufanya wake kwa kawaida Marekani au Kanada. Kuna pia mikutano ya Afrika inayohama nchi hadi nchi.

*Gharama na ruhusa.* Tiketi ya ndege, viza, kiingilio na hoteli ni kitu ambacho mwalimu wa kawaida hakilipi kutoka mfukoni, na sishauri akope. Njia ni ufadhili. IATEFL ina ufadhili wa kushindaniwa, na maombi yake hufungwa miezi mingi kabla ya mkutano, kwa hiyo anayeanza kuulizia Januari kwa ajili ya Aprili amechelewa. Mtumishi wa umma anahitaji kibali cha kusafiri nje, nacho kina hatua zake. Anza nacho mapema, sambamba na pasipoti.

Ila usisahau ramani. Kwetu Tanga, Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam: unavuka Horohoro na unafika siku hiyo hiyo, bila viza. Kikitokea kitu cha walimu wa Kiingereza pwani ya Kenya, kwa mwalimu wa Tanga hilo ni tukio la jirani. Kibali kinabaki pale pale, lakini nauli inabebeka, na wenzetu wa Kenya wana uzoefu mrefu wa kufundisha kwa Kiingereza tangu madarasa ya msingi ambao inafaa kuusikia.

*Unachofanya ukiwa hapo.* Vyumba vingi kwa wakati mmoja, hadi unachoka kuchagua. Aliyepeleka wasilisho ananufaika mara mbili ya aliyekwenda kuhudhuria tu.

*Kinachobaki.* Mtandao wa watu, jina, na ujasiri. Mbinu za darasani si nyingi kuliko za kongamano la nyumbani.

*Inamfaa nani.* Mwalimu ambaye tayari amewasilisha nyumbani, mwalimu wa chuo cha ualimu kama Korogwe ambaye atakachojifunza kitawafikia wanachuo wengi, na kiongozi wa chama.

Neno fupi juu ya semina za wachapishaji

Hizi zipo, ni za bure, na chakula huwa kizuri. Nenda ikiwa shule yako inafikiria kununua vitabu vile. Angalia tu kama mwezeshaji anafundisha mbinu unayoweza kuitumia na kitabu chochote, au anauza kurasa.

Kwa hali yako

Kama unafundisha darasa la kwanza au la pili na Kiingereza ni kigeni kwako, anza na klasta, na omba kwa mwalimu mkuu ruhusa ya kwenda kukaa darasani kwa mwenzako asubuhi moja. Mengine yasubiri mwaka huu.

Kama ni mwalimu mpya wa sekondari, mwaka mmoja au miwili kazini, changanya jumuiya ya shule na webina moja kwa mwezi ukiwa na wenzako. Kongamano litakufaa zaidi baadaye, ukiwa na maswali yako mwenyewe ya kupeleka.

Kama darasani uko sawa lakini unahisi Kiingereza chako kimesimama, weka akiba ya nauli kwa ajili ya kongamano la kitaifa la likizo. Usiongeze webina nyingine. Umeshasikiliza vya kutosha, sasa unahitaji kuongea.

Kama uko shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza na ruhusa ya katikati ya muhula haipatikani, zungumza na uongozi wenu kuhusu kumleta mwezeshaji shuleni kwa siku moja. Gharama ya mtu mmoja kuja kwenu hulingana na kuwapeleka walimu wachache tu Dar, na wote mnafundishwa.

Kama una jambo ulilolijaribu na limefanya kazi, andika ikisiri ya kongamano la hapa nyumbani kwanza. Likipokelewa vizuri, andaa ombi la ufadhili wa nje kwa mwaka unaofuata.

Na kama hujui unahitaji lipi, mwombe mwalimu mwenzako unayemwamini akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja, aandike mambo mawili: dakika ngapi wanafunzi wameongea Kiingereza, na ni wapi wewe mwenyewe umerudi kwenye Kiswahili kwa kukosa neno. Dakika zikiwa chache, tafuta mbinu, na klasta iko karibu. Maneno yakiwa ndiyo yaliyokukwamisha, tafuta mahali utakapolazimika kuongea.